Breki au Viti vya Ngozi?

Ndugu yetu mmoja akaaye Lanet, jirani na Nakuru, ametuuliza: amekusudia kununua gari la mbio lililokwisha tumika, na fedha zake ni chache. Je, atangulize breki bora na mipira mipya ya magurudumu, ama viti vya ngozi, rimu kubwa na paa la kufunguka?

Wako watakaocheka. Watasema gari la mbio lenyewe ni anasa, na ndani ya anasa hamna kilicho cha lazima. Neno hili lina sura ya kweli, lakini si kweli. Kiti ni raha ya mwenye gari. Breki ni haki ya mtoto avukaye njia. Na njia ipitayo Lanet ndiyo njia kuu itokayo Mombasa kwenda Uganda, imejaa malori na pikipiki. Mwendo ukizidi mara mbili, masafa ya kusimama kwa breki huzidi mara nne. Na kila mpira hugusa lami kwa kadiri ya kitanga cha mkono tu! Aliyejichagulia mwendo amejitwika dhamana ya kusimama.

Rimu kubwa (zapendeza, twakiri) huhitaji mpira mwembamba, na shimo moja laweza kuzipinda. Wala kuukuu si aibu: Joginder Singh alishinda mashindano ya Safari ya mwaka 1965 kwa Volvo iliyokwisha tumika.

Basi aanze na kile wanachomdai wapita njia. Kikisalia kitu, na anunue ngozi. Kisiposalia, akalie kitambaa.