Mjukuu Wangu, Kimya cha Kompyuta Si Ndiyo

Mjukuu wangu, sogea hapa karibu, nina neno nawe.

Nimesikia umeanza kujifunza C, na nimefurahi kweli. Hauko peke yako katika njia hiyo. Pale Nyabihu kwa jirani zetu, Rwanda Coding Academy inafundisha vijana wa rika lako tangu 2019. Ila nina hofu, na sitaificha.

Siiogopi programu inayoanguka na kukuandikia Segmentation fault. Hiyo imekuonea huruma, mwanangu, imekwambia mapema. Naiogopa ile inayokubali huku ina ugonjwa ndani.

Tazama. Unataka kuhifadhi neno Gisenyi. Unahesabu herufi, saba. Unaomba nafasi kwa malloc(7), unanakili neno kwa strcpy, unachapisha, neno linatoka safi. Unaenda kulala umeridhika. Kumbe neno hilo linataka baiti 8, maana C huweka sifuri mwishoni ili ijue neno limeishia wapi. Hiyo sifuri umeiandika nje ya ulichopewa.

Mbona hakuna kilichoharibika? Kwa sababu kwenye Linux ya kawaida ya biti 64, ukiomba baiti 7 unatengewa nafasi ya 24. Umeponea kwenye ziada ambayo hukuahidiwa. Siku litakapokuja neno la herufi 24, kosa lile lile litagusa hesabu ambazo malloc anajiwekea, na programu itaangukia mbali, pengine kwenye free isiyo na hatia. Utalitafuta kosa usiku kucha mahali ambapo halipo.

Nakusihi, usidanganywe na kimya.

Hapa Busasamana unajua mambo ya kukodi shamba la viazi. malloc ni kukodi, free ni kurudisha. Ukilima kupita mpaka, umelima kwa jirani. Ukikodi kila msimu bila kurudisha, mwisho hakuna kipande kilichobaki kwa yeyote. Na ukisharudisha, usirudi tena na jembe, hata kama njia bado unaikumbuka, kwa kuwa mwingine ameshapanda humo. Pointa yako haisahau njia, na hapo ndipo wengi wanapoharibikiwa. Anayelima alikorudisha huvuna ugomvi.

Wala usiseme haya ni makosa ya watoto. Mwaka 2012 kosa la namna hii lilitoka ndani ya toleo la OpenSSL, programu inayolinda mawasiliano ya tovuti nyingi duniani. Mtu alituma ujumbe mfupi, akadai ni mrefu, na seva ikamrudishia hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu yake bila kuuliza. Ndani yake zingeweza kuwemo nywila na funguo za siri za watu. Kosa likakaa miaka miwili likiwa kimya. Lilipotangazwa Aprili 2014, likaitwa Heartbleed, na dunia ikahaha. Waliolipitisha walikuwa mafundi, si wanagenzi.

Na mwaka 2019 Microsoft walieleza kwamba karibu asilimia 70 ya matundu ya usalama wanayoziba kila mwaka yanatokana na makosa ya kumbukumbu. Fikiria, mwanangu. Kesho utaandika programu ya hospitali au ya pesa za simu, na mama muuza ndizi ataweka humo akiba yake yote. Hatajua kwamba wewe uliruka baiti moja.

Kuna vijana wanaoongeza printf, kosa likatoweka, wakashangilia kwamba limepona. Halijapona, limehama tu. Nakusihi tena, usiwe mmoja wao. Kosa lililohama halijaaga.

Basi usiku huu, kabla ya kulala, chukua ile programu unayoisifia. Ijenge upya kwa gcc -Wall -Wextra -g -fsanitize=address, kisha uiendeshe. Ikikuandikia heap-buffer-overflow, usikasirike wala usifute kitu. Tafuta namba ya mstari inayokuonyesha, nenda kwenye mstari huo, uulize: nafasi hii niliiomba wapi, ni baiti ngapi, na nani ataiachia? Ukishindwa kujibu hata moja, njoo na kompyuta yako kesho asubuhi tuisome pamoja.