Ezra Alikataa Walinzi, Nehemia Akawakubali

Jumapili iliyopita baada ya ibada ya pili tulitangaza fomu za vijana wanaotaka kwenda kujitolea nje ya nchi. Wengine wanaenda Juba na kikosi cha injili, wengine wanaomba Ujerumani, ile mipango ya mwaka mmoja ya kuhudumia wazee na watoto. Kwenye fomu tuliandika kwamba kila mmoja awe na bima, chanjo na nauli ya kurudi nyumbani. Ndani ya sanduku la maswali nikapata karatasi isiyo na jina: "Pasta, kama tumewaombea na kuwawekea mikono, hiyo bima ni ya nini? Ama mnatufundisha kumtegemea Mungu nusu nusu?"

Swali zuri sana. Nimelibeba wiki nzima, hata ndani ya matatu. Na jibu lake si rahisi vile wengi wanadhani, kwa sababu Biblia inatupa watu wawili wa Mungu waliotoka mashariki kwenda Yerusalemu, wote chini ya wafalme wa Uajemi, na kila mmoja akafanya lake. Ezra aliona haya kumwomba mfalme askari, maana alikuwa ameshamshuhudia mfalme jinsi Mungu anavyowatunza watu wake (Ezra 8:22). Nehemia naye alisindikizwa na maofisa wa jeshi na wapanda farasi (Nehemia 2:9), na hatusomi mahali popote kwamba aliona haya. Sasa nani alikuwa na imani? Mimi nasema wote wawili.

Sisi wahubiri tunampenda Ezra, anahubirika. Lakini tunaishia kwenye ule mstari wa 22 na kufunga Biblia. Endelea kusoma. Kabla ya safari alipiga kambi siku 3 kando ya mto Ahava, akakagua watu wake, akagundua hakuna Mlawi hata mmoja, akatuma watafutwe. Akatangaza kufunga. Halafu akachagua makuhani 12, akawapimia mali ya hekalu, na kati yake kulikuwa na talanta 650 za fedha. Walipofika Yerusalemu kila kitu kikapimwa tena na uzito ukaandikwa. Nilisomea biashara kabla ya kuingia huduma, na nawaambia mkaguzi wa hesabu wa leo angetikisa kichwa kwa furaha. Ezra alikataa askari, hakukataa mpango.

Wengine watanijibu kwa Zaburi 91. Naipenda hiyo zaburi, mama yangu aliitundika mlangoni. Lakini kumbukeni ni nani aliyeitumia pale juu ya kinara cha hekalu katika Mathayo 4. Ibilisi ndiye aliyeinukuu, na alitaka Yesu aruke. Ahadi ilikuwa ya kweli na Yesu hakuikana. Alichokataa ni kuifanya ahadi kuwa chambo cha kumlazimisha Baba aonekane.

Wacha nije karibu. Mnamo Novemba 2018, ndani ya siku chache tu, mambo mawili yalitokea. La kwanza ni la John Allen Chau, Mmarekani wa miaka 26, aliyeuawa kwenye kisiwa cha North Sentinel, upande wa India. Alitaka kuwapelekea injili watu ambao sheria ya India inakataza kabisa kuwakaribia, sababu moja ikiwa kwamba miili yao haina kinga dhidi ya magonjwa yetu ya kawaida. La pili lilitokea hapa kwetu. Tarehe 20 Novemba watu wenye bunduki waliingia Chakama, kaunti ya Kilifi, wakamteka Silvia Romano, msichana Mwitaliano wa miaka 23 aliyekuwa akijitolea na watoto. Alipelekwa Somalia, akakaa mateka miezi 18, akaachiliwa Mei 2020. Aliporudi kwao amekuwa Mwislamu, wengi walimtukana, na wengine walijiita Wakristo. Waliomtukana hawakulala usiku hata mmoja mahali alipolala yeye.

Siwaweki hao wawili kwenye mizani moja. Mmoja alienda mahali alipokatazwa, mwingine alikuwa kijijini alipokaribishwa. Lakini kuna kitu kimoja ambacho magazeti yalikipitia haraka. Kule India, watu 7 walikamatwa, wakiwemo wavuvi waliompeleka Chau kwa mashua. Na kule Chakama, risasi ziliwajeruhi watu 5, wakiwemo watoto. Hao hawakujaza fomu yoyote.

Hapa ndipo ninapotofautiana na yule aliyeniandikia. Tunazungumza juu ya imani ya anayeenda kana kwamba anaenda peke yake. Darasani tulifundishwa kuuliza swali moja kuhusu kila hatari: ikitokea, nani analipa? Kijana akisema yuko tayari kufa kwa ajili ya injili, nitamheshimu. Maisha ni yake, ameyatoa kwa Bwana. Lakini akiugua huko Juba bila bima, atakayezunguka ushirika wa nyumbani na kitabu cha mchango ni mama yake anayeuza mboga soko la Kangemi. Imani ya mtoto imelipwa na mama, na mama hakuulizwa. Hapo si imani tena, ni deni.

Sisi wa Kangemi tunapaswa kulielewa hili kuliko watu wengi, kwa sababu tumekuwa wenyeji. Wageni wa kujitolea wanakuja hapa kila mwaka, kwa shule na kwa zahanati. Tunajua vile inakuwa. Kuna kijana anaambiwa awapokee steji, mama mwingine anawaonya wasitoe simu barabarani, na giza likiingia mtu anawasindikiza hadi Waiyaki Way. Mgeni mwenye akili husikia. Yule anayesema "mimi siogopi" hutunyima usingizi, na akiibiwa, polisi wanakuja kubeba vijana wetu. Papa Fransisko alipokuja Kangemi tarehe 27 Novemba 2015, njia zilijaa askari. Sikusikia mtu hapa, Mkatoliki ama mlokole, akisema mzee yule amekosa imani.

Lakini sitaki mtu atoke hapa akidhani nasema tusiende. Paulo aliteremshwa ukutani Dameski ndani ya kapu, akatoroka (Matendo 9). Miaka baadaye Agabo akautwaa mshipi wa Paulo, akajifunga mwenyewe mikono na miguu kuonyesha yanayomngoja Paulo Yerusalemu, ndugu wakalia, na Paulo akaenda tu (Matendo 21). Ni mtu yule yule. Na akiwa huko Yerusalemu, mpwa wake alipoleta habari kwamba watu zaidi ya 40 wameapa kumuua, hakusema "nimeshakubali kufa, waache waje." Alimtuma kijana kwa jemadari, na usiku huo akatolewa mjini na kikosi cha askari. Mtu anaweza kukubali hatari ya wito wake na bado akakataa hatari ya bure.

Kwa hivyo ile sehemu ya fomu inabaki, na tumeongeza mambo. Wanaoenda Juba wapate chanjo ya homa ya manjano na wabebe kadi yake, maana mpakani wanaiuliza. Wapewe dawa ya kuzuia malaria pia. Msiniambie "sisi ni Waafrika." Mtoto aliyelelewa Nairobi hana kinga ya malaria kama binamu yake wa Busia.

Wanaoenda Ujerumani, jueni kwamba kwenye mipango halali ya kujitolea kule, wanaokupokea ndio wanaokulipia bima, na wanakupa pesa kidogo ya matumizi. Mtu asiye na ofisi akikuitisha laki 2 ya "nafasi", leta jina lake hapa kwanza. Mwaka wa 2022 serikali yetu ilitoa onyo kuhusu kazi bandia za Thailand, vijana wakaishia Myanmar wakilazimishwa kufanya utapeli. Wengi wao walikuwa wameombewa kwao nyumbani, sina shaka. Pasipoti yako usimwachie mtu, hata akikuita ndugu katika Bwana. Na ukifika, jiandikishe kwa ubalozi wetu siku za kwanza, usingoje shida.

Nauli ya kurudi itawekwa kwa akaunti ambayo kijana mwenyewe anaweza kuitoa bila kuuliza kiongozi wa kikosi, wala mimi. Wazee wawili wamepinga hilo. Wanasema vijana watarudi kabla ya wakati kwa sababu ya kukosa nyumbani. Labda mmoja atarudi hivyo, na tutampokea. Nataka yule anayebaki huko awe amebaki kwa hiari yake, na hilo halijulikani kama mlango umefungwa kwa nje. Wazazi wote wa walioandikishwa, tukutane Alhamisi saa kumi na mbili jioni, kabla ya maombi. Njooni na maswali yenu, hata yale magumu. Na yule aliyeniandikia, njoo pia, sitakuuliza jina.