Chesinati Kuukuu

Waingereza, katika mazungumzo yasiyo rasmi, wana msemo ambao wanafunzi hutuuliza maana yake: 'chesinati kuukuu'. Chesinati ni mti wa Ulaya uzaao kokwa za kahawia, zichomwazo na kuliwa wakati wa baridi. Lakini msemo wenyewe hauhusu chakula. Huambiwa mtu aliyeleta hoja, kisa au mzaha uliokwisha kusikiwa mara nyingi mno.

Asili itajwayo zaidi ni mchezo wa kuigiza wa William Dimond, The Broken Sword, uliochezwa London mwaka 1816. Humo Kapteni Xavier, bingwa wa kurudia visa vyake, ataja mti ambao gome lake hutengenezewa vizibo vya chupa. Pablo amkatiza: mti ule ulikuwa chesinati, naye ana hakika, kwani kisa hicho amekisikia mara 27. (Nani miongoni mwetu walimu asiye na Pablo wake katika dawati la nyuma?)

Tuangalie vema: Pablo hachoki tu, bali anasahihisha. Kwa kurudiwa, kisa kimekuwa mali ya msikilizaji, na ndiye akilindaye kisipotoke. Ndivyo methali zetu zinavyoishi. Mwalimu akianza 'Haraka haraka', darasa zima humalizia 'haina baraka', wala hapana aonaye kwamba ameibiwa muda.

Hata hivyo, msemo wa Waingereza una hila ndani yake. Autamkaye hajasema kwamba hoja ni ya uongo. Amesema tu kwamba imemchosha, kisha akajifanya amejibu. Twalisema hili kwa uchungu, maana tumekaa katika vikao ambamo mwenzetu mmoja alisimama mwaka hadi mwaka kuomba vitabu vya Kiswahili kwa shule za vijijini, na kila mara watu wakaguna: 'Anaanza tena.' Nasi pia tuliguna. Ombi lilichakaa masikioni mwetu kabla kitabu kimoja hakijafika mikononi mwa watoto.

Kapteni Xavier alirudia kwa kuwa alipenda kujisikiliza. Mwenzetu alirudia kwa kuwa hakujibiwa. Sikio peke yake haliwezi kuwatofautisha hawa wawili, na sisi hatukutumia kitu kingine zaidi ya sikio.

Katika kikao cha mwisho alichohudhuria hakusema neno. Tulimaliza mapema.