Nyumba Ikibana, Abanwe Nani?

 

Ametuandikia ndugu yetu mmoja aliyeko Kitale, mtu wa pwani kwa asili yake, mwenye duka dogo la nguo, na mkewe ni mwenyeji wa Bungoma. Ana watoto wanne, na wa tano, alipokuwa akiandika, alikuwa tumboni, siku tisa baada ya tarehe iliyoandikwa katika kitabu cha kliniki. Wasomaji wetu wa Mombasa na Lamu wasioujua mji huo wafahamu ya kuwa Kitale huishi kwa mahindi. Watu wa Trans Nzoia hupanda mwezi wa Machi na Aprili, na huvuna kuanzia Oktoba. Na kabla ya mavuno fedha hukauka mikononi mwa watu, na mwenye duka la nguo huhesabu vitambaa vile vile asubuhi na jioni. Basi ndugu yetu aliiandikia nyumba yake hesabu: akapunguza sukari, akaondoa nyama, akakata maziwa. Baadhi ya wenziwe wakamlaumu, wakasema kuwa kuiandikia riziki hesabu ni kukosa kutawakali. Na mkewe alipotaka kurudi hospitali, wenzi hao hao wakamwambia mume astahimili, kwani vitabu vya fiqhi vimesema mimba yaweza kukaa miaka minne. Akatuuliza: lipi katika haya lililo la dini?

Jawabu tulimpelekea kwa simu siku ile ile, kwani mimba haingoji mashini ya chapa. Mtoto amekwisha kuzaliwa, naye na mama yake ni wazima, alhamdulillahi. Lakini suali hili si lake peke yake, na ndiyo sababu tukaona tuliandike.

Ama kuandika hesabu, hatuoni haja ya kurefusha maneno. Nabii Yusuf, alayhi ssalaam, aliwapangia watu wa Misri miaka saba ya kulima na kuweka, kwa ajili ya miaka saba ya dhiki, akawaamrisha waiache nafaka katika masuke yake illa kidogo watakachokula. Watu wa Kitale, ambao maghala ya mahindi wayaona kila siku, wangekuwa wa kwanza kukifahamu kisa hiki. Na Mtume wetu (S.A.W.) imesihi kupokewa ya kuwa alikuwa akiwawekea ahli zake chakula cha mwaka mzima kutokana na mitende ya Bani Nadhir. Sasa huyo asemaye kuwa daftari huondoa kutawakali, je, kutawakali kwake kumeipita ya Mtume? Bibi Maryam aliposhikwa na uchungu chini ya mtende, Mola aliyemtolea kijito cha maji hapo chini yake hangeshindwa kumwangushia tende bila ya taabu yoyote. Lakini aliamrishwa, naye yu katika uchungu, alitikise shina.

Wala asifahamu mtu kwamba kubana matumizi ni kumnung'unikia mtoto ajaye. Mwenyezi Mungu amekataza kuua watoto kwa ajili ya umasikini mahali pawili katika Qur'ani, na maulamaa wa tafsiri wameangalia mpangilio wa maneno. Katika Sura ya Al-An'aam, ambapo umasikini umekwisha kuingia nyumbani, imetajwa kwanza riziki ya wazazi kisha ya watoto. Na katika Sura ya Al-Israa, ambapo umasikini ni wa kuogopwa tu, imetajwa kwanza riziki ya watoto kisha ya wazazi. Mtoto haji kuwanyang'anya ndugu zake sahani. Na mwenye kutaka kuwapanga watoto wake kwa kupishana miaka, kwa ridhaa ya mkewe, huyo yuko mbali na katazo hili; Masahaba walifanya azli zama za Mtume, na Imamu Ghazali katika Ihyaa ameihesabu khofu ya kuzidiwa na mzigo wa watoto wengi kuwa miongoni mwa nia zisizokatazwa. Hilo lina makala yake.

Lakini katika barua ile tuliona jambo ambalo mwandishi wake hakuliuliza. Vilivyokatwa ni maziwa na nyama na sukari. Mchango wa harusi ya jamaa haukuguswa, wala vocha ya simu. Mume hula mchana mjini, watoto wawili hula shuleni; aliyebaki na sufuria iliyopunguzwa ni yule aliye na roho mbili. Hatumtuhumu ndugu yetu kwa ubaya. Yeye alitazama vitu, hakutazama walaji. Twasema tunaloliona katika nyumba nyingi, za bara na za pwani: mkono unapokuwa mzito, la kwanza kupunguzwa ni la yule asiyepiga kelele.

Na sharia inasemaje? Katika Sura ya At-Talaq, mwanamke aliyeachwa naye ana mimba, mume ameamrishwa amgharimie mpaka ajifungue. Huyo ni aliyeachwa! Basi itakuwaje kwa aliye ndani ya nyumba, mwenye kupika na kufua? Kisha tazameni saumu ya Ramadhani, ambayo ni haki ya Mwenyezi Mungu mwenyewe: mwenye mimba akijikhofia nafsi yake au mtoto wake ameruhusiwa kula. Mola amesamehe haki Yake ili tumbo lile lisipungukiwe. Na mja aje alipunguze kwa kuwa biashara ya Julai ni mbaya? Ni kweli kwamba Mwenyezi Mungu hakumkalifisha mtu zaidi ya alichompa, na mwenye dhiki atoe kwa kadiri ya dhiki yake. Lakini kadiri ya dhiki hupimwa kwa sahani zote, haipimwi kwa sahani moja.

Imepokewa ya kuwa Sayyidna Umar (R.A.), alipowapangia watu posho kutoka Baitul-Mali, hakumwandikia mtoto mchanga kitu mpaka aachishwe ziwa. Usiku mmoja alikuwa akilinda msafara uliofika Madina, akasikia mtoto analia. Akamwendea mama yake, akamwambia amtazame mwanawe. Akarudi mara ya pili, na mara ya tatu. Yule mama, naye hamjui anayesema naye, akamjibu kwamba anamwachisha mtoto ziwa kabla ya wakati wake, kwa kuwa Umar hampi posho ila aliyeachishwa. Umar akasalisha alfajiri, na watu hawakukisikia vyema kisomo chake kwa kilio. Kisha akaamrisha itangazwe kwamba kila azaliwaye katika Uislamu ataandikiwa posho tangu kuzaliwa kwake. Hakukusudia kumwonea mtoto yeyote. Aliweka kanuni ya kuhifadhi mali ya watu, na kanuni ile ikatembea mpaka ikafika kifuani mwa mama asiyemjua, usiku, nje ya mji. Naye hakusema kuwa kanuni ni kanuni.

Sasa tuje kwenye miaka minne. Ni kweli imeandikwa. Aliyesoma Minhaj ya Imamu Nawawi, na wengi wa masheikh wetu wa pwani wameisoma, ameikuta humo. Mahanafi wamesema miaka miwili. Katika Mamaliki wako waliofika miaka mitano. Muhammad bin Abdil-Hakam akasema mwaka mmoja. Na Ibn Hazm akasimama kwenye miezi tisa. Kukhitalifiana huku kwatosha kukuonyesha kwamba hapana aya wala hadithi ya Mtume iliyokata shauri. Walitegemea khabari za wanawake waliosemekana kukaa na mimba muda mrefu, kama mke wa Muhammad bin Ajlan huko Madina. Na walikuwa wakitafuta nini? Walikuwa wakihukumu nasabu. Mjane au aliyeachwa amezaa baada ya muda mrefu. Je, apigwe kwa zinaa, na mtoto akose baba? Wakafungua mlango mpana wa kusitiri. Kauli ile iliwekwa kumkinga mwanamke, nasi leo twaichukua kumweka hatarini! Hakuna hata mmoja katika maimamu hao aliyesema kwamba mwenye mimba aliyepita siku zake asitazamwe na tabibu. Na hata katika nasabu yenyewe, Misri katika sheria nambari 25 ya mwaka 1929 ilishika mwaka mmoja wa siku 365, baada ya kuwauliza matabibu.

Na matabibu wasemayo ni haya. Mimba huhesabiwa siku 280, yaani wiki 40, tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Watoto wachache mno huzaliwa siku yenyewe iliyoandikwa. Kuchelewa siku mbili tatu si ugonjwa. Lakini kadiri wiki ya 41 inavyopita na ya 42 kukaribia, kondo la nyuma huweza kuchoka, maji yanayomzunguka mtoto huweza kupungua, na khofu ya mtoto kufia tumboni huzidi. Kwa hivyo Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018, lilishauri kwamba mama aliyehakikika kutimiza wiki 41 aanzishiwe uchungu.

Hapa pana kosa la hesabu ambalo watu wetu, wenye kuhesabu kwa mwezi wa kuandama, yafaa walifahamu khasa. Miezi tisa ya kuandama ni siku 265 au 266. Mwanamke akianza kuhesabu kwenye hedhi yake ya mwisho, miezi yake tisa itatimia wiki mbili kabla ya siku ya matabibu, naye ataingiwa na khofu bure. Na akianza kuhesabu siku ile alipoikosa hedhi, miezi yake tisa itatimia wiki ya 42. Wakati huo anaodhani kuwa ndio kwanza zimefika, mtoto amekwisha kuchelewa. Wake wawili jirani, wote wasema miezi tisa, na kati yao pana siku 28.

Twajua ni kwa nini mume hupenda kungoja. Safari ya hospitali ni nauli, na kulazwa ni gharama, na labda usiku wa leo uchungu utakuja wenyewe. Maskini hufikiri hivi, na Mungu anamjua. Lakini tusiiite fikira hiyo subira. Subira ni ya mwenye kuumia mwenyewe. Anayestahimili kwa tumbo la mwenziwe hana thawabu ya kudai.

Serikali ilitangaza tarehe 1 Juni 2013 kwamba kujifungua katika hospitali zake hakutalipiwa. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo, mama mmoja aliingia hospitali ya Bungoma ili aanzishiwe uchungu. Ikaelezwa mahakamani kwamba alitakiwa ajinunulie dawa, kwamba vitanda vya kuzalia vilikuwa vimejaa, na kwamba alijifungulia sakafuni, kisha akatukanwa na kupigwa makofi. Mwezi wa Machi 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma ilihukumu kuwa heshima yake na haki yake ya afya zilivunjwa, akapewa fidia ya shilingi milioni 2.5. Twakitaja kisa hiki kwa mambo mawili. Kwanza, cha bure huwa na gharama yake, na mume mwenye akili huiweka mapema. Pili, mwanamke huyo hakuambiwa na mahakama kwamba yaliyompata ni makadara, akae kimya. Makadara ni ya Mungu, na kofi ni la mwenye mkono.

Hivi sasa, tangu 1 Oktoba 2024, Bima ya Afya ya Jamii imechukua mahali pa NHIF. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, na asiye na mshahara hukadiriwa kwa kiwango hicho hicho, asipungue shilingi 300 kwa mwezi, naye hutakiwa alipe ya mwaka mzima kwa pamoja. (Hukumu ya bima kwa jumla tutaiandika mbali, hii ni ada iliyolazimishwa na sheria ya nchi.) Kwa wa chini kabisa ni shilingi 3,600. Si kidogo kwa mwenye duka lisiloingia mtu. Lakini sisi tumewaona waliosema hawana hizo, kisha siku ya arobaini turubai limefungwa na masufuria ya biriani yamekodiwa kwa deni. Karamu ya arobaini haina asili katika sunna. Akika ndiyo sunna: mbuzi wawili kwa mtoto mwanamume na mmoja kwa mwanamke, siku ya saba, kwa mwenye uwezo. Asiyejiweza hadaiwi, na katika madhehebu yetu ya Shafi wakati wake haufungiki mpaka mtoto abalighi. Mtu wa Kitale aweza kungoja Oktoba, mahindi yauzwe, duka lichangamke, ndipo achinje. Mbuzi ana wakati mrefu. Kondo la nyuma halina.

Limebaki jambo la Bungoma. Mke alitaka kwenda kujifungua kwa mama yake, na mume akakataa kwa sababu ya nauli. Mwanamke kutaka kuwa karibu na mama yake wakati kama huo si ukaidi, na lau wangekubaliana mwezi wa saba au wa nane, wakahamisha na kliniki, ingekuwa vyema. Baada ya siku zake kupita hatuoni salama kumpakia katika matatu na kumpitisha njia hiyo. Basi mama na aje yeye. Nauli yake kutoka Bungoma ni katika gharama za uzazi, tena iandikwe katika daftari lile lile, kabla ya mchango wa harusi.