Kelele za "Mwizi" Si Hukumu



Ndugu Waislamu, katika miji yetu hapa Uganda neno moja linatosha kumuua mtu: "Mwizi!" Likishapigwa sokoni, watu hukimbilia mawe na fimbo, na wengi wao hawajui hata kilichoibiwa ni nini. Anayeuliza huambiwa naye ni mwenzake. Kisha mabwenini husikika kauli hii: "Tungekuwa na sharia ya Kiislamu, mambo yangekwisha pale pale." Kauli hiyo tuipime, kwani imebeba dhana tatu zisizo sahihi.

Dhana ya kwanza ni kwamba aliyekamatwa tayari ana hatia. Katiba ya Uganda ya 1995, kifungu cha 28, inamhesabu mshitakiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitike au akiri mwenyewe. Wapo wanaodhani huu ni ulegevu wa sheria za Wazungu. Lakini Suratul Hujurat, aya ya 6, inatuamuru tuichunguze habari anayotuletea fasiki, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Na katika Suratun Nur, aya ya 4, anayemtuhumu mwanamke mwema kwa zinaa bila kuleta mashahidi wanne hupigwa yeye mijeledi 80. Mzigo wa kuthibitisha uko juu ya anayetuhumu.

Dhana ya pili ni kwamba sharia ina haraka ya kuadhibu. Maiz bin Malik alikuja mwenyewe kukiri kosa lake, na Mtume (s.a.w.) akampa mgongo mara kwa mara, hata akauliza kama ana wazimu. Ndiyo maana mafakihi wakaweka kanuni kwamba hududi huzuiwa na shubha.

Imamu Malik amesimulia katika Muwatta kuwa watumwa wa Hatib waliiba ngamia wa mtu wa kabila la Muzayna wakamchinja. Sayyidna Umar (r.a.) aliamuru wakatwe mikono, kisha akasita: aliona kwamba bwana wao anawashindisha njaa. Akamuuliza mwenye ngamia bei yake, akajibiwa dirhamu 400. Akamtoza Hatib 800. Tazama, ndugu yangu: aliyeibiwa hakusahauliwa, na mwenye njaa hakukatwa mkono. Yote hayo yalipatikana kwa sababu kiongozi alisimama akauliza. Umati hauulizi.

Dhana ya tatu ni kwamba kumpa mtu dhamana ni kumsamehe. Dhamana ni ahadi ya kurudi kujibu mashitaka. Kesi bado ipo. Najua jibu litakalotolewa: kesi nyingi hufia njiani, na rushwa ipo. Ni kweli, na aliyeibiwa ana haki ya kuumia. Lakini tujiulize, kesi zinakufaje? Nyingine hufa kwa kukosa shahidi. Watu mia wana mikono ya kupiga. Akitafutwa mmoja mwenye miguu ya kwenda mahakamani, hapatikani. Na Suratul Baqara, aya ya 283, inatukataza kuficha ushahidi. Basi anayepiga kisha akatoweka amekosa mara mbili: amehukumu bila kuwa kadhi, na amenyamaza alipotakiwa kusema.

Mtu aliyefungwa kimakosa anaweza kufunguliwa. Aliyeuawa kwa mawe, hata ikibainika kesho kwamba simu ilikuwa imesahauliwa msikitini, hakuna wa kumrudisha. Na katika damu ile kila aliyerusha jiwe ana fungu lake, hata asiyejulikana kwa jina.

Tufanye nini, basi? Kelele zikipigwa, tuwaite polisi, tuzuie kwa ulimi kadiri tuwezavyo, na yule aliyeona kwa macho yake akubali kuandikisha jina lake kuwa shahidi. Si kazi nyepesi. Lakini hiyo ndiyo sharia tunayosema tunaitaka.

Wabillahi tawfiq.