Amana Iliyomo Simuni

Mtu akiwekewa mali ya mwenzake, kisha ikapotea mikononi mwake, je, ailipe? Madhehebu manne makuu ya Sunni yanajibu kwamba halipi iwapo aliitunza inavyostahili, ila analipa akizembea. Uzembe nao mafakihi waliupima kwa mahali alipoiweka, kwa kuwa kila kitu kina hifadhi yake: ng'ombe zizini, dhahabu sandukuni chini ya kufuli. Aliyeiacha dhahabu zizini hajitetei kwa kusema aliyeiba ni mwingine. Naamini kipimo hicho hicho kinatuhukumu kwa yale tunayoyabeba simuni, na kwamba kuchagua programu ya kutunza nywila ni suala la maadili kabla ya kuwa la ufundi.

Mchukulie mweka hazina wa kikundi cha kukopeshana. Simuni mwake mna picha za vitambulisho vya wanachama, namba zao, orodha ya walioshindwa kulipa, pengine na barua ya daktari ya mgonjwa anayeomba aongezewe muda. Nywila yake ni moja kwa barua pepe, Facebook na duka la mtandaoni. Siku duka likidukuliwa, nywila hiyo huingia kwenye orodha zinazouzwa, na programu za wezi huijaribu kwenye barua pepe pasipo mtu yeyote kumjua wala kumlenga. Hapo ile kauli ya kwamba mtu mwema hana cha kuficha haimfai kitu, maana kinachofichwa si chake. Mwenye haki ya kuitoa siri ya ugonjwa ni mgonjwa, naye hajaulizwa.

Hifadhi inayoifaa amana ya namna hii ni usimbaji: maandishi yageuzwe fumbo lisilosomeka bila ufunguo. Programu ya nywila hutunga nywila ndefu tofauti kwa kila akaunti, ikazisimba zote kwa ufunguo unaotokana na nywila kuu aijuayo mwenyewe tu. Katika kuchagua, tusitosheke na ahadi za muuzaji. Mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs aliandika kwamba mfumo wa siri hautakiwi kutegemea kufichwa kwake. Hata adui akiupata usimdhuru mwenyewe. Kwa hiyo nazipendelea programu huria kama Bitwarden na KeePassXC, ambazo wataalamu wasioajiriwa na watengenezaji wake wanaweza kuzikagua.

Pingamizi zito ni kwamba tunakusanya funguo zote mahali pamoja. Halina budi kujibiwa kwa ukweli, kwani mwaka 2022 wezi walichukua nakala rudufu za hazina za nywila za wateja wa LastPass, programu nyingine ya aina hii. Nywila zilikuwa zimesimbwa, lakini anwani za tovuti hazikusimbwa, na wenye nywila kuu dhaifu ndio waliobaki hatarini zaidi. Tukio hilo linatufundisha kuchagua programu inayosimba kila kitu, kutunga nywila kuu ndefu na kuwasha uthibitisho wa hatua mbili. Asiyetaka hazina yake ikae kwenye seva za kampuni ana KeePassXC, inayoiweka katika faili kwenye kompyuta yake. Na anayerudia nywila moja kila mahali amekwisha kukusanya funguo zake pamoja, tena bila kufuli. Wengine husema usimbaji huwalinda wahalifu. Ni kweli huwalinda pia, lakini hisabati haimtambui askari: upenyo ukiachwa kwa ajili ya polisi, atakayeugundua yeyote ataupita.

Amana ina sharti jingine tunalolisahau, nalo ni kurudishwa. Sira inasimulia kwamba Mtume Muhammad alipohama Makka mwaka 622, alimwacha Ali bin Abi Talib awarudishie watu amana zao, ingawa mji ule ulikuwa ukimwinda Mtume mwenyewe. Mweka hazina akifa na nywila kuu kichwani, kumbukumbu za kikundi kizima zinazikwa naye. Basi nywila hiyo iandikwe, itiwe kwenye bahasha iliyofungwa na kukabidhiwa mtu mwaminifu, au itumike njia ya dharura ambayo baadhi ya programu hizi zinayo. Atakayefanya hivyo, hata akiibiwa, atakuwa na la kuwajibu waliomwamini.