Mtoto wa Njiani: Hisani au Haki?

Mtoto alalaye nje ya maduka, tumpapo kipande cha mkate, je, tumemfanyia hisani au tumemlipa haki yake? Suala hili si dogo. Mwenye kufanya hisani hushukuriwa. Mwenye kudaiwa akilipa hana la kujivunia, na asipolipa ni dhalimu.

Natuutazame mji wa Lodwar, kando ya mto Turkwel. Ukame wa miaka ya 2020 hata 2023 uliangamiza mifugo ya Waturkana, na mfugaji asiye na mbuzi hana cha kumlisha mwanawe. Mtoto hushuka mjini, akabeba mizigo, akaokota vyuma vikuukuu, akangojea makombo mikahawani. Na wako wanusao gundi ili wasahau njaa.

Kisha tuitazame Kakuma, katika nchi hiyo hiyo ya Turkana. Kambi yake ilifunguliwa mwaka 1992, wakapokewa maelfu ya wavulana waliotoka Sudani kwa miguu bila ya wazazi. Walipewa chakula, makao na masomo. Ikiwa mtoto aliyevuka mpaka alistahiki hayo, huyu aliyevuka jangwa la kwao amekosa nini?

Baadhi yetu husema, "Huyu ana wazazi, na tukimpa, watakuja wengine." Ama la kwanza, wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamesema kwamba kumwokota mtoto aliyetupwa ni faradhi ya kifaya: akisimama mmoja, wengine huokoka, wasiposimama wote, wote wana dhambi. Na mtoto ambaye mzazi wake ameshindwa na njaa, hali yake yakaribia ya yule aliyetupwa. Ama la pili, lina ukweli: senti ya njiani humweka mtoto njiani. Lakini hilo lapinga senti, halipingi haki.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 53, imempa kila mtoto elimu ya msingi bila malipo, lishe, makao na matibabu. Serikali na idaiwe lake. Nasi tulipe letu. Wala tusidhani haya ni ya mbali: hesabu ya mwaka 2018 ilipata zaidi ya watu 46,000 waishio njiani, na Mombasa ilikuwa ya pili baada ya Nairobi.

Basi kila mtaa na uwaulize watoto hawa majina yao na jamaa zao. Mwenye kwao arejeshwe kwa salama, na jamaa zake wasaidiwe. Asiye na kwao atafutiwe mlezi. Na wote wasomeshwe. Mwenyezi Mungu atupe taufiki.